Upande wa Madirisha

Mimi sikuitaka ile tableti darasani mwangu, na nilisema hivyo mbele ya walimu wote, ili baadaye asitokee mtu wa kunigeuzia maneno. Nimefundisha darasa la sita hapa Mikelenge miaka ishirini na sita. Leo mtu aniletee kioo chenye ukubwa wa sahani, akisimamishe mlangoni, eti kinitazame ninavyofundisha. Nilimwambia Rémy, kijana aliyetumwa shuleni kwetu kutufunza mambo hayo, kwamba kama anataka kunitazama atumie macho aliyopewa na mama yake. Wenzangu walicheka. Yeye naye alicheka kidogo, akaendelea kufuta kioo chake na kitambaa.

Lakini wiki ile nilikuwa na jambo lingine lililoninyima raha. Ilikuwa wiki ya orodha. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mwalimu wa darasa la sita anaandika majina ya watoto watakaoingia mtihani. Sijui shule nyingine wanafanyaje. Kwetu direkta, yaani mkuu wa shule, Bwana Félicien, hapendi kusikia neno kuanguka, kwa hiyo ananiambia, "Madame Germaine, uweke wale wenye kujua." Wasiowekwa wanarudilia mwaka. Nilikuwa na watoto sitini na mmoja, nikaandika hamsini na wawili, nikawaacha tisa. Jumatano orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na Jumatatu asubuhi ilitakiwa ifike kwa inspekta.

Mmoja wa wale tisa aliitwa Aïcha. Alhamisi, saa ya mapumziko, mama yake alikuja, miguu ina udongo wa shamba hadi magotini. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Madame, nimekuja kwako, sina pahali pengine," alisema. "Mutoto iko na miaka kumi na tano. Alipoteza miaka miwili kwa ugonjwa. Baba yake amesema akirudilia tena, masomo imekwisha. Njo atamupeleka kule Tunda kwa shangazi yake, na huko iko muntu anamutaka. Begi yake iko tayari."

"Mama, mimi siandiki orodha kwa ajili ya begi," nikamwambia. "Binti yako hajui. Na kama anajua, basi anajua peke yake. Tangu mwezi wa tisa hajainua mkono hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Nyumbani, njo yeye anahesabia baba yake mizigo ya muchele. Anahesabu kwa kichwa tu."

"Nyumbani ni nyumbani."

Alinitazama, akasema asante Madame, akaenda zake. Kilichoniudhi ni ile asante. Mtu akikutukana unajua la kufanya, unamrudishia. Huyu aliniachia asante yake mkononi, nikakaa nayo siku nzima, nikigombana na watoto kwa mambo ya bure.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Rémy alikuja na tableti. Nilikwisha kukubali, kwa sababu direkta aliniomba kwa upole, na pia, niseme ukweli, kwa sababu ya kiburi. Nilitaka wale vijana waone mtu anavyofundisha. Hawa wamekuta chaki, wamekuta vitabu, sasa wamekuta na umeme wa jua juu ya paa la ofisi, na bado wanalalamika kwamba vifaa havitoshi. Mimi nilianza kazi wakati wa vita. Chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Ubao tulikuwa tunaupaka weusi wa ndani ya mawe ya radio, yaani betri, tumeusaga na majani ya matembele. Panya walikuwa wanakula chaki, na siku nyingine, kwa njaa, tulikuwa tunaila sisi. Na tulifundisha. Watoto wa mwaka ule wengine leo ni wauguzi, mmoja ni mwanasheria Kinshasa. Nilimweleza Rémy haya yote alipokuwa anapanga vitabu juu ya kiti, mlangoni, ili kioo chake kikae sawa. Alisema, "Ndiyo, Madame." Sikujua kama anasikiliza.

Nikafundisha. Somo lilikuwa kanuni ya tatu, zile hesabu za uwiano: mitumbwi mitatu inavusha magunia ishirini na manne, je, mitumbwi mitano? Niliichora kwenye ubao, nikauliza, wakajibu, nikauliza tena, Destin akajibu, Exaucé akakosea, nikamcheka, darasa likacheka, akapata. Mambo yalikwenda kama mafuta. Kengele ilipolia nilikuwa nimeloa jasho na nimefurahi. Hata nilimwuliza Rémy kama kile kioo chake kimejifunza kitu.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Kila Jumamosi walimu tunakutana, mkutano huo tunauita seluli. Mmoja anakuwa ametoa somo la mfano, wengine wanamkosoa. Sheria yake ni ya zamani kuliko sisi wote: kila mkosoaji anataja mazuri matatu, halafu mabaya matatu, mdogo anaanza, mkubwa anamaliza, na mwenye somo hafungui mdomo hata kwa kukohoa mpaka wote wamalize. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini nani atasimama mbele ya mama aliyemfundisha utotoni, amwambie amefundisha vibaya? Walimu watatu wa shule hii nimewafundisha mimi. Kwa hiyo mabaya yangu, miaka yote, yalikuwa ni yale yale. Madame, herufi zako kwenye ubao ni ndogo kidogo. Madame, ulisahau tarehe. Na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa na kuandika, tarehe, herufi, naenda nyumbani nimeridhika.

Jumamosi hiyo Bruno alianza, ni mwalimu wa darasa la pili, mwaka huu ameoa. Akasifu mitumbwi. Ubaya wake wa kwanza ulikuwa herufi. Nikainamia daftari langu nisicheke. Ilipofika zamu ya Rémy alisema yeye ni mgeni, hana mazuri wala mabaya, anaomba tu tutazame wote pamoja video ya somo la jana. Akaegemeza tableti kwenye chupa ya maji, tukasogeza viti. Tulikuwa saba.

Jambo la kwanza, sauti yangu. Sikujua kama nina sauti ya namna ile, ya mtu anayeita mbuzi. Halafu mgongo wangu, mpana. Wenzangu walikuwa wanatabasamu, na mimi nilikuwa najitayarishia maneno ya mwisho, ya kuchekesha. Kioo kilikuwa kimewekwa mlangoni, kwa hiyo kilikuwa kinatazama darasa lote mpaka upande wa pili, kwenye madirisha. Na pale, benchi la tatu karibu na dirisha, palikuwa na mkono.

Ulikuwa mkono mwembamba, umenyooka. Nikauliza swali la kwanza, nikamwita Destin. Mkono ukashuka. Nikauliza la pili, mkono ukapanda. Nikamwita Josiane, wa upande wa mlango. Ukashuka, ukapanda tena. Nikasogea kidogo kuona uso. Alikuwa Aïcha.

Nilitaka kusema kitu, lakini sheria ni sheria, mwenye somo hasemi. Mkono ulipanda Exaucé alipokosea, ukabaki juu muda wote nilipokuwa namcheka, ukawa unashikiliwa na mkono wa pili kwa kuchoka. Mimi kwenye kioo nikageuka, nikatazama ukuta wa nyuma, nikatazama mlango, nikarudi ubaoni. Macho yangu yalifika katikati ya darasa na kurudi. Na hakuwa yeye peke yake. Upande wote ule watoto walikuwa wanainua mikono na kuishusha, wengine wameacha kabisa, mmoja amelala juu ya daftari. Dakika arobaini nzima sikumwita hata mmoja wao.

Sikujua kama kuna anayehesabu, mpaka Bruno aliponong'ona, "Kumi na moja." Alikuwa anahesabu mara za Aïcha. Mwalimu Jacques, ambaye tumeanza kazi naye mwaka mmoja, akanyoosha mkono akafunika kioo kwa kiganja.

"Inatosha," alisema. "Zima hiyo kitu, Rémy."

"Rudisha nyuma," nikasema. Nilivunja sheria, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Jacques, toa mkono. Rudisha nyuma, nione tena."

Akarudisha. Nikaona tena. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilimwomba direkta orodha, akatoa ile ya inspekta kwenye mfuko wa karatasi, nikaanza kutaja wale tisa niliowaacha, kila mmoja na kiti chake, kwa sababu viti vya watoto wangu navijua. Aïcha, dirishani. Gédéon, dirishani. Yvette, dirishani. Nilipomaliza, wanane kati ya tisa walikuwa wa upande ule. Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio.

Jacques alinifuata nje. Alisimama karibu nami bila kunitazama, akasema, "Germaine, unajua inatoka wapi. Ni ya Léon."

Nilijua. Na nilimchukia kwa kulisema.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Waasi walikuwa ndani ya mji, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa pembeni, na sisi wote tulikuwa katikati, hakuna anayeweza kwenda shambani kutafuta hata majani ya muhogo. Treni ilikuwa imekufa zamani, mashua hazifiki. Siku zilizokuwa na utulivu tulipiga kengele, watoto wakaja. Siku ile ilikuwa na utulivu. Nilikuwa na watoto kumi na tisa. Niliuliza swali, mtoto mmoja anaitwa Léon akainua mkono, nikamwambia, "Simama, useme kwa sauti." Alikuwa amekaa dirishani. Akasimama. Sikusikia hata mlio wa risasi, nilisikia tu benchi linaanguka, nikamkasirikia kwanza, nikidhani anacheza. Angekuwa amekaa, ukuta ungemficha. Nilimsimamisha mimi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jibu lake sikulisikia.

Baada ya siku ile niliwasogeza watoto wote upande wa mlango, wakakaa wamebanana, wengine chini. Vita ikaisha. Watoto wakaongezeka, mabenchi yakarudi dirishani, mwingine akasogezwa hapa, mwingine pale, na mimi nikaendelea kufundisha. Nilidhani nimerudi pamoja nao.

"Usijilaumu," Jacques alisema. "Ni vita."

"Usinipe vita," nikamjibu. "Vita haikuandika orodha. Niliandika mimi, Jumanne, nimekaa, nimekunywa chai."

Sikumwacha ajibu. Nilirudi ndani. Wengine walikuwa wanakusanya madaftari yao, hawajui waangalie wapi. Nilimwambia Bwana Félicien kwamba naongeza majina. Akavua miwani. Alisema ananielewa, lakini mkono si jibu, mtoto anaweza kuinua mkono na hajui kitu, na tukiongeza wanane na wote wakaanguka, shule itachekwa mji mzima. Hakuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba nimewafundisha watoto wale mwaka mzima na siwezi kumjibu. Madaftari yao sijawahi kuyasahihisha kwa mkono wangu. Watoto sitini na mmoja, nani ataweza? Wanabadilishana, jirani anasahihisha jirani, mimi nataja majibu.

Kwa bahati madaftari ya hesabu yalikuwa kabatini. Nilitoa la Aïcha, nikalisoma nimesimama, ukurasa kwa ukurasa, kwa miezi minane. Alikuwa amekosea hapa na pale. Lakini kanuni ya tatu aliijua tangu mwezi wa kwanza, na kwenye hesabu moja alikuwa amepata jibu sahihi, jirani yake akamwekea kosa, na yeye akaandika pembeni kwa herufi ndogo: *Nimehakikisha mara tatu.* Nilimpa direkta. Akavaa miwani, akasoma, akapitia na ya wale saba wengine, akanipa kalamu. Nikaandika Aïcha kwanza, halafu Yvette, halafu Gédéon. Wengine nikamwomba Bruno amalizie.

Rémy alikuwa anafunga tableti kwenye mfuko wake. Nilimkuta mlangoni. Miaka yote niliamini kwamba mwalimu anajifunza kutoka kwa mwalimu mwenzake, na sijabadilika, bado naamini. Ile tableti haina akili yoyote. Iliwekwa juu ya vitabu, ikatazama pale ilipoelekezwa, basi. Lakini haikuwa na haya mbele yangu, na wenzangu wote walikuwa nayo. Nilimwambia, "Wiki ijayo uiweke tena. Uiweke nyuma, nione uso wangu." Akasema, "Ndiyo, Madame," na safari hii nilijua kwamba anasikiliza.

Sikwenda nyumbani. Nilishika njia ya mashamba, jua la saa nane juu ya kichwa, nikiuliza kwa watu nyumba ya mama Aïcha. Nilitembea haraka mno, mpaka mtu mmoja aliniuliza kama kuna msiba. Njiani nilikuwa natunga maneno. Nitasema nilikosea. Hapana, nitasema shule ilikosea. Hapana. Nilijigombeza kwa sauti, mimi mwenyewe, barabarani.

Niliwakuta nje, wanamenya muhogo, mama na binti, na begi la nguo kweli lilikuwa pale, limeegemea ukuta. Baba hakuwepo, alikwenda kutafuta pikipiki ya kesho. Mama alisimama. Aïcha naye alisimama, kwa heshima, na nilipomwona anasimama nilimwambia upesi, "Kaa, binti yangu, kaa."

Nikawaambia. Jina lako liko kwenye orodha, nimeliandika mimi, direkta ametia sahihi. Nilimwambia mama kwamba siku ile nilimdanganya bila kujua, mtoto wake aliinua mkono, aliinua siku zote. Mama alilia kidogo, akaingia ndani na lile begi, nikasikia anatoa nguo. Alisema kutoka ndani kwamba baba nitamwachia yeye, atasema naye yeye mwenyewe.

Nikabaki na Aïcha. Alikuwa ameshika kisu na muhogo, hamenyi.

"Nisamehe," nikamwambia. "Sikukuona. Sikujua kwamba sioni upande ule."

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli, wala hakuwa na hasira.

"Lakini, Madame," alisema, "sisi wote tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba dirishani hauite muntu. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kalasi la sita, watoto wanapigania upande wa mulango. Mimi nilichelewa, nilikuwa nimetoka kuuza." Akasita, kama mtu anayeogopa kuwa amekosa adabu. "Dada yangu mukubwa aliniambia niwahi. Yeye pia alisoma kwako. Alikaa dirishani mwaka muzima. Anasema ulimwita mara moja tu, ili afunge dirisha."

"Aliingia mtihani?"

"Hapana. Hakukuwa kwenye orodha."

"Anaitwa nani, dada yako?"

"Faila, Madame."

Nikatafuta. Nina kichwa kizuri cha majina, watu wote wa Mikelenge wanajua hilo. Nikarudi mwaka baada ya mwaka, benchi baada ya benchi, Faila, Faila, na mtoto alikuwa ananingoja, ana uhakika kwamba nitamkumbuka. Sikumkumbuka.